Ukiulizwa Umeyatoa Wapi: Mwongozo wa Uaminifu wa Kitaaluma kwa Mwanafunzi wa Chuo

Sekondari, aliyeyarudisha maneno ya mwalimu kama yalivyo alipata alama nzuri. Mwalimu aliandika ubaoni, ukanakili daftarini, ukakariri, ukayamwaga kwenye karatasi ya mtihani wa taifa, na hakuna aliyekuuliza umeyatoa wapi. Kisha unafika chuoni. Katika wiki ya mapokezi unapewa kijitabu cha kanuni za mitihani, nacho kinaishia chini ya begi pamoja na fomu za bima ya afya. Kuanzia siku hiyo, kitendo kilekile kilichokupandisha darasa kinaweza kukufukuzisha chuo.

Hayo ni mageuzi makubwa, na naona vyuo vyetu vingi havijayaeleza inavyostahili. Somo la Stadi za Mawasiliano la mwaka wa kwanza hugusia uandishi wa marejeleo, lakini mara nyingi linaishia kwenye mahali pa kuweka nukta na mabano. Sababu yenyewe inapitwa. Sababu ni kwamba kila sentensi ya kitaaluma ni dai, na msomaji ana haki ya kukuuliza umejuaje. Chuo nacho, kinapokupa shahada, kinawaambia wagonjwa, wateja na waajiri wa kesho kwamba kimekuuliza swali hilo mara nyingi na ukalijibu mwenyewe. Mwanafunzi ambaye kwa kila ukurasa wa kazi yake ana jibu la kweli, tena lenye ushahidi, hana kubwa la kuogopa. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu namna ya kuhakikisha jibu hilo liko mkononi kabla hujaulizwa.

Basi kitoe kijitabu kile ukisome leo. Tafuta mambo manne: chuo kinahesabu nini kuwa kosa, adhabu zake ni zipi, nani anasikiliza shauri, na rufaa inakatwa ndani ya siku ngapi. Vyuo vinatofautiana, na kauli ya "sikujua" haipokelewi mbele ya kamati yoyote.

Makosa huanzia kwenye daftari

Wanafunzi wengi wanaokamatwa kwa wizi wa maandishi hawakukaa chini kupanga kuiba. Walisoma makala, wakanakili aya mbili tatu kwenye simu bila alama yoyote, wakaziacha. Wiki tatu baadaye, usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi, wakafungua faili na kukuta aya zinazosomeka vizuri, nao hawakumbuki tena ipi ni yao na ipi ya mwandishi. Wakaziunganisha zote.

Dawa iko kwenye namna ya kuandika notisi. Ukinakili maneno ya mtu, hata nusu sentensi, weka alama za kunukuu papo hapo na uandike jina, mwaka na ukurasa kabla hujaendelea kusoma. Ukitaka kueleza hoja yake kwa maneno yako, funga kitabu kwanza. Soma, funga, tafakari, andika, halafu fungua uhakikishe hujamsingizia. Na wazo linapokujia wewe mwenyewe, liandikie mbele yake neno MIMI kwa herufi kubwa. Inaonekana kama jambo dogo, lakini mwezi mmoja baadaye alama hizo ndizo zitakazokuambia kipi ni chako.

Kuna namna moja ya kuandika ambayo wengi wanaiamini kuwa salama, na si salama hata kidogo. Chukua sentensi hii niliyoitunga kwa ajili ya mfano: "Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, lakini Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo kisiwa hicho kikawa kitovu cha zao hilo." Mwanafunzi anaigeuza hivi: "Dhoruba ya mwaka 1872 iliharibu sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, ila Pemba ilipona kwa kiasi kikubwa, na kuanzia hapo kisiwa hicho kikawa makao makuu ya zao hilo." Kimbunga kimekuwa dhoruba, kunusurika kumekuwa kupona, lakini mpangilio wa fikra na mwendo wa sentensi ni ule ule. Hata akitaja chanzo mwishoni, bado anamwambia msomaji kwamba maneno ni yake wakati si yake.

Sasa mtazame mwanafunzi aliyefunga kitabu na kujiuliza anaihitaji taarifa hiyo kwa kazi gani. Anaandika: "Kuitazama Pemba kama kisiwa cha karafuu tangu mwanzo ni kusahau kwamba Unguja ilikuwa na mashamba yake makubwa hadi kimbunga cha 1872 kilipoyavunja," kisha anataja mwandishi, mwaka na ukurasa. Taarifa ni ya mwandishi na amepewa heshima yake. Hoja ni ya mwanafunzi, na hiyo hoja ndiyo inayotafutiwa alama.

Si kila kitu kinahitaji chanzo. Kwamba Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 hakuna atakayekuuliza umeyatoa wapi. Kiasi cha mikarafuu iliyoanguka, sababu za bei kushuka, tafsiri ya mwanahistoria fulani: hivyo vina wenyewe. Ukiwa na shaka, taja. Hakuna mhadhiri anayemkata mwanafunzi alama kwa kutaja chanzo kimoja cha ziada. Ukianza kuwa na vyanzo vingi, jifunze programu ya Zotero, ambayo hailipiwi na hukuhifadhia taarifa za kila kitabu na makala.

Makosa mawili nayataja kwa uzito kwa sababu yametuzunguka sisi tunaosoma kwa lugha mbili. La kwanza ni tafsiri. Kuchukua aya ya Kiingereza, ukaigeuza Kiswahili na kuiweka kwenye tasnifu kana kwamba ni yako, ni wizi uleule. Programu ya kupima ulinganifu inaweza isiione. Msimamizi aliyeisoma makala hiyo ataiona. Ukitafsiri, taja mwenye maneno na uandike kwamba tafsiri ni yako. La pili ni wazee wetu. Fundi wa majahazi wa Bagamoyo aliyekueleza kwa saa mbili namna mbao zinavyopindwa ni chanzo kama kilivyo kitabu. Muombe ridhaa, mweleze maneno yake yanakwenda wapi, andika mahali na tarehe ya mahojiano. Akitaka jina lake lifichwe, lifiche na uandike kazi yake tu. Kuandika maarifa yake kama "inasemekana" ni kumdhulumu mtu ambaye hana namna ya kukushtaki.

Asilimia za Turnitin

Maneno mengi ya upotoshaji huzunguka hapa, kwa hiyo twende taratibu. Programu ya Turnitin haipimi wizi. Inapima ulinganifu: ni maneno mangapi katika kazi yako yanafanana na maneno yaliyomo kwenye hazina yake ya makala, tovuti na kazi za wanafunzi. Kazi yenye asilimia 25 inaweza kuwa safi kabisa, ikiwa ulinganifu unatokana na nukuu zenye alama zake na orodha ya marejeleo. Kazi yenye asilimia 6 inaweza kuwa na aya nzima iliyoibwa. Ndiyo maana msomaji mwenye busara hufungua ripoti yenyewe na kuangalia ni sehemu zipi zimepakwa rangi.

Vijana wa steshenari karibu na vyuo hutoza pesa "kupunguza asilimia." Wanachofanya ni kubadilisha maneno kwa visawe, au kuingiza herufi za alfabeti nyingine zinazofanana na zetu ili programu ishindwe kuzitambua. Hiyo ya pili ikigundulika, nawe umeshajitoa kwenye uzembe na kuingia kwenye hila ya makusudi, ambayo adhabu yake ni nzito zaidi. Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaijui. Ukimpa mtu kazi yako aipime kwa akaunti asiyokueleza ni ya nani, inaweza kuhifadhiwa kwenye hazina ya programu. Siku utakapoikusanya chuoni, itarudi ikifanana na kazi iliyokwishapokelewa kwa karibu asilimia mia, na kazi hiyo ni yako mwenyewe. Ipime kupitia mhadhiri au maktaba ya chuo tu.

Kupika data

Hili linafanyika zaidi kuliko linavyosemwa. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu ameahidi kwenye pendekezo lake kuhoji watu 120. Nauli inaisha akiwa na 70. Zimebaki siku 10. Anakaa kitandani hosteli na kalamu tatu za rangi tofauti, anajaza madodoso 50.

Mwaka 2011 dunia ya saikolojia ilitikisika pale Diederik Stapel, profesa wa Chuo Kikuu cha Tilburg nchini Uholanzi, alipobainika kuwa kwa miaka mingi alibuni matokeo ya utafiti, yakiwemo majibu ya madodoso ambayo hayakuwahi kujazwa na mtu. Zaidi ya makala 50 zake zilifutwa. Waliomfichua walikuwa watafiti vijana wa idara yake, ambao waliona data ni nzuri kupita kiasi. Data ya kweli ina vurugu zake: mtu ameruka swali la nne, mwingine amejipinga mwenyewe, mwingine ameandika pembeni jambo ambalo hukumuuliza. Data iliyopikwa haina hayo, na mtu aliyewahi kwenda uwandani huitambua.

Kwa mwanafunzi mwenye madodoso 70 njia ya haki ipo, na ni nyepesi kuliko anavyodhani. Anakwenda kwa msimamizi na kusema: nilikusudia 120, nimepata 70, sababu ni hizi. Anayaandika hayo kwenye sura ya mbinu na kwenye mipaka ya utafiti. Utafiti mdogo wa kweli unatetewa. Ule mkubwa wa uongo unaporomoka kwa swali moja la mtahini: "Hawa wa kata hii uliwahoji siku gani?" Tunza madodoso yenyewe, fomu za ridhaa, rekodi za sauti na daftari la uwandani hadi utakapohitimu na zaidi. Tena fikiria hao wanaoandikiwa sera kwa takwimu. Tasnifu kuhusu maji ya kijiji fulani ikisomwa na ofisa wa wilaya, kuna watu watakaochimbiwa au watakaonyimwa kisima kwa namba ulizobuni ukiwa umelala.

Kudesa, kazi za kikundi na kazi za kununua

Kusoma pamoja ni haki yenu na ni utamaduni mzuri wa vyuo vyetu. Jadilini swali mpaka saa sita za usiku. Lakini kazi ikiwa ya mtu mmoja mmoja, wakati wa kuandika kila mmoja akae peke yake na asimtumie mwenzake faili "aone mpangilio tu." Faili likishatoka mkononi mwako, hujui litasambazwa kwa nani, na kanuni za vyuo vingi humhesabu aliyetoa sawa na aliyepokea. Dada wa mwaka wa tatu akikupa desa la kazi yake ya zamani, lisome kuona namna alivyojenga hoja, kisha lifunge. Hata kazi yako mwenyewe uliyoiwasilisha kwenye somo moja usiiwasilishe kwenye somo lingine bila ruhusa. Kwa kazi ya kikundi, andikeni mapema nani anafanya nini. Asiyefanya kitu, jina lake lisiwekwe, na hilo aambiwe wiki ya kwanza, si dakika ya mwisho.

Ukinunua kazi, umemuuzia siri yako mtu usiyemjua. Kumekuwepo visa vya wauzaji kuwarudia wateja wao na kudai pesa zaidi, la sivyo wawaripoti chuoni.

Upande wa pili wa biashara hiyo unatugusa Afrika Mashariki kwa namna ya pekee. Vijana wengi wa Kenya, wasomi wenye uwezo mkubwa na wasio na ajira, huandika insha na hata tasnifu za wanafunzi wa Marekani na Uingereza. Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, mzaliwa wa Kenya, amewatafiti, na filamu ya The Shadow Scholars ya mwaka 2024 imewaonyesha. Inauma kuona akili za namna hiyo zikipata shahada kwa majina ya wengine. Hata hivyo, wewe uliye bado chuoni uelewe unapoingia: kumwandikia mwenzio kazi ya kuombea alama ni kosa, hata akiwa bara lingine. Soko lenyewe linabanwa kisheria. Australia ilipiga marufuku huduma hizi mwaka 2020, Uingereza ikafuata kwa vyuo vya England mwaka 2022. Ukiwa na kipaji cha kuandika, uhariri, tafsiri na uandishi wa ripoti za mashirika ni kazi unazoweza kuzionyesha mchana kweupe.

Akili mnemba

Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma Novemba 2022, hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi. Jibu langu: muulize mhadhiri wa kila somo, kwa maandishi, anaruhusu nini. Wapo wanaokataza kabisa, wapo wanaoruhusu kusahihisha sarufi, wapo wanaotaka ueleze ulivyoitumia. Pale kanuni ziliponyamaza, mimi naona kuomba ufafanuzi wa dhana ngumu kunafanana na kumuuliza rafiki. Kuomba ikuandikie hoja ni kumpa mwingine kazi yako.

Usiiamini kamwe kwenye vyanzo. Mwaka 2023 mawakili wa New York katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca walipigwa faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha mahakamani hukumu ambazo ChatGPT ilikuwa imezibuni. Chanzo ambacho hujakifungua kwa macho yako usikiandike kwenye marejeleo.

Kuna na hatari ya kusingiziwa, na sisi tuko karibu nayo zaidi. Watafiti wa Stanford walijaribu mwaka 2023 programu saba zinazodai kutambua maandishi ya mashine. Walizipa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilitajwa kuwa za mashine. Anayeandika Kiingereza kilichonyooka, chenye msamiati wa kawaida, ndiye anayeshukiwa. OpenAI wenyewe, waliotengeneza ChatGPT, waliiondoa programu yao ya utambuzi Julai 2023 kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha. Kwa hiyo andikia mahali panapohifadhi historia ya faili, kama Google Docs, ambako kila hatua inabaki na tarehe na saa yake. Usiandike rasimu mpya juu ya ya zamani. Piga picha notisi zako za mkono. Siku ukiambiwa hukuandika wewe, hivyo ndivyo vitakavyosema.

Chumba cha mtihani

Hapa ni pafupi. Katika vyuo vingi, kukutwa na karatasi au simu ni kosa tosha, hata kama simu imezimwa na karatasi hukuitazama. Kabla ya kuingia toa kila kitu mifukoni, fungua mkebe wa jometri, angalia mfuniko wa kikokotoo, angalia kiganja. Usiazime kitu ndani bila msimamizi kujua. Mtihani ukivuja na kuingia kwenye kundi la WhatsApp, usiufungue, usiusambaze, na mjulishe mhadhiri au idara siku hiyohiyo. Ukinyamaza, uchunguzi utaorodhesha waliokuwemo kwenye kundi, nawe umo.

Nje ya chumba hicho, mhadhiri akikudai mwili wako ili upate alama, hilo halimo kwenye orodha ya makosa yako. Ni lake. Nchini Tanzania, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kimelifanya kosa la jinai kwa mwenye mamlaka kudai rushwa ya ngono. Tunza ujumbe wote, usifute hata mmoja, mwambie mtu unayemwamini, na upigie TAKUKURU namba 113, ambayo hailipiwi.

Ukituhumiwa, au ukishakosea

Omba tuhuma kwa maandishi na nakala ya ripoti wanayoitegemea. Usijibu kwa hasira kwenye kundi la darasa. Kusanya rasimu, notisi, historia ya faili na madodoso, uvipange kwa tarehe. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi au serikali ya wanafunzi, uulize kama unaruhusiwa kuingia na mtu mbele ya kamati. Mle ndani jibu kinachoulizwa, na palipo na kosa lako sema ni lako. Uongo wa pili huchukuliwa vibaya kuliko kosa la kwanza. Uamuzi ukitoka na huridhiki, kata rufaa ndani ya muda uliowekwa. Muda huo ukipita, hata mwenye haki hukosa pa kusikilizwa. Waambie nyumbani mapema pia. Ukifukuzwa, deni la Bodi ya Mikopo linabaki palepale, na ni afadhali wazazi walisikie kwako.

Na kama umeshakusanya kazi ambayo unajua ina aya zisizo zako, na bado haijasahihishwa, mwandikie mhadhiri barua pepe leo. Mtajie somo na kazi, mweleze ni kurasa zipi, omba kuiondoa na kuirudia hata kwa kukatwa alama. Anaweza kukataa. Lakini kabla ya kusahihisha, shauri hilo kwa kawaida bado liko mezani kwake, na likishafika kwenye kamati hana tena uwezo wa kukusaidia.